Kuulizwa Mara ya Tatu

Wiki nzima Corliss Haugdahl alikuwa akimfundisha mumewe neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "naumia". Asubuhi akimmiminia kahawa anamuuliza, "Mgongo vipi leo?" na Verlyn, bila hata kufikiri, anajibu, "Sio mbaya sana." Corliss anagonga meza kwa kijiko.

"Verlyn! Tulikubaliana nini?"

"Naumia," anasema Verlyn, macho kwenye kikombe, kama mtu aliyelazimishwa kutoa tusi kanisani.

"Tena. Kwa sauti."

"Naumia, basi! Nimesema. Umeridhika?"

Hakuridhika hata chembe. Alhamisi alikuwa anakuja mtu wa kampuni ya bima, na Corliss alimjua mume wake. Ungemkata mguu huyo bwana, ukamuuliza hali, angekwambia ana mwingine mzuri tu.

Wala si Verlyn peke yake. Watu wote wa Nordby, Minnesota, wameumbwa hivyo, na wanajivunia, Mungu awasamehe. Huko swali la kwanza ni salamu, la pili ni adabu, la tatu ndilo swali. Ukimkaribisha mgeni kahawa atasema hapana, asante, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha tena atasema jamani, usijisumbue. Mkaribishe mara ya tatu atasema haya, nusu kikombe, na hapo atakunywa vitatu na keki juu. Anayekubali mara ya kwanza anatazamwa kwa jicho la pembeni, na akiondoka watasema huyo katoka Chicago. Mambo ya maumivu, ya shida, ya kufiwa, yote yanakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Usipomuuliza mtu mara tatu kama ana njaa, atakufa njaa mbele yako huku anakusifia hali ya hewa.

Hata bima yenyewe ilikatwa kwa mtindo huo. Verlyn alikuwa fundi wa kwato. Alizunguka mashamba ya maziwa ya wilaya tatu akikokota kibano cha chuma nyuma ya gari lake; anambana ng'ombe humo, anainua mguu, anachonga ukwato uliopinda mpaka mnyama anatembea vizuri tena. Ni kazi ya mgongo na mikono, na hakuwa na mwajiri wala likizo ya ugonjwa. Siku asipochonga, hakuna hela. Miaka kumi na mbili iliyopita wakala wa bima, Milo Hegstad, ambaye waliimba naye kwaya moja, alikaa kwenye meza ile ile ya jikoni akasema, "Verlyn, gari umelikatia bima. Kibano umekikatia bima. Kibano kikivunjika utalipwa. Sasa mgongo wako ukivunjika, nani atakulipa?"

"Mgongo wangu mzima," alisema Verlyn.

Milo akanywa kahawa, akazungumzia mahindi, kisha akarudi pale pale. "Hii si bima ya kifo, bwana. Ile inalipa ukishazikwa. Hii inakulipa ukiwa hai, unapumua, ila huwezi kufanya kazi. Kila mwezi, zaidi kidogo ya nusu ya unachopata sasa."

"Sisi tunaenda tu, Milo. Tunashukuru."

Corliss alikuwa amesimama kwenye sinki, amewapa mgongo, anaomba kimoyomoyo Milo asikate tamaa. Milo hakuwa mjinga. Alikula kipande cha keki, akapangusa makombo, akauliza mara ya tatu, na Verlyn akatia saini kama anayemfanyia mwenzake hisani. Tangu siku hiyo Corliss ndiye aliyeilipia kutoka kwenye mshahara wake wa jikoni shuleni, mwezi baada ya mwezi, huku Verlyn akimtania mbele ya watu: "Mama anautunza mgongo wangu kuliko mimi mwenyewe. Siku moja atauuza atajirike."

Milo alifariki, akazikwa na kwaya ikamwimbia. Miaka ikapita. Halafu siku moja ya mwezi wa nne ng'ombe mmoja alikata mkanda ndani ya kibano, akaangukia upande, na Verlyn alikuwa kati yake na chuma. Pingili mbili za uti wa mgongo zilipondeka. Alipofikishwa zahanati ya Nordby, daktari alimuuliza anajisikiaje, naye akasema, "Nimewahi kuwa na siku nzuri zaidi." Daktari alikuwa mtu wa huko huko. Akaita helikopta.

Bima ililipa, lazima hilo lisemwe. Miezi mitatu ya kwanza haikutoa hata senti, maana ndiyo kanuni yake, kipindi cha kungoja, na katika miezi hiyo walikula akiba yao yote pamoja na kibano chenyewe, wakakiuza kwa kijana wa wilaya ya pili. Baada ya hapo hundi ilikuja kila mwezi, na hundi hiyo ndiyo iliyoshikilia nyumba. Mshahara wa Corliss ulinunua chakula. Hundi ililipa benki na dawa. Lakini Corliss alikuwa ameisoma bima yote mpaka herufi ndogo, na alijua kuna kitu mbele kinawangoja. Kwa miaka miwili kampuni ingelipa kwa sababu Verlyn hawezi kazi yake mwenyewe, ile ya kuchonga kwato. Miaka miwili ikiisha, wanaanza kuuliza mengine: je, anaweza kazi yoyote? Kukaa mlangoni dukani akisalimia wateja? Kupokea simu? Akiweza hata hiyo, hundi inakatwa. Na kama Nordby nzima hakuna duka la kumweka mtu mlangoni, hilo halikuihusu bima. Sasa miaka hiyo miwili ilikuwa imeisha, na swali hilo ndilo alilokuwa analileta mtu wa Alhamisi.

Na Verlyn hakuweza. Akikaa kitini robo saa, jasho linamtoka. Kusimama, hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya siku alilala chali kwenye sakafu ya jikoni, karibu na jiko, pale pagumu penye joto, na Corliss akapika huku anamruka miguu. Ila gari likisikika uani, hata likiwa la posta, Verlyn atauma meno, atashika mguu wa meza, ajivute, asimame, ajipanguse suruali. Mgeni akiingia anamkuta wima kama askari wa gwaride. Ndiyo maana mji mzima uliamini anaendelea vizuri, na kanisani wanaume walimpiga kofi la bega wakimwambia atarudi kwa ng'ombe karibuni. Corliss alishalia kwa hasira kwa ajili ya makofi hayo, chooni, bomba la maji likiwa wazi.

"Huyo mtu akija kesho," alimwambia Jumatano, "ulale hapo hapo ulipo. Usiinuke."

"Nimpokee mgeni nikiwa sakafuni? Mama, mimi si mbwa."

"Wewe ni mgonjwa!"

"Mgonjwa kidogo."

"Nyumba ikienda utalala sakafu ya nani, Verlyn? Hebu niambie. Ya nani?"

Verlyn akasema kwa sauti ndogo kwamba atajitahidi.

Usiku ule theluji ilianguka na upepo ukaitandaza kila mahali. Mtu wa kampuni alifika saa nne asubuhi kwa gari dogo jeupe, na Verlyn, bila shaka, alikuwa amesimama mlangoni kumpokea, amevaa shati lililopigwa pasi. Corliss alitamani kumfinya. Lakini mgeni alivua viatu kabla hajaambiwa, akaviweka sambamba kwenye mkeka, na Corliss alipoziona soksi zake nene za sufu moyo wake ulitulia kidogo. Huyu hakuwa mtu wa mbali.

"Craig Sundby," alijitambulisha.

"Kahawa, Bwana Sundby?"

"Hapana, asante, nimekunywa njiani."

"Ipo tayari."

"Jamani, usijisumbue kwa ajili yangu."

"Kidogo tu?"

"Haya, nusu kikombe."

Verlyn akatabasamu hadi magego. "Sundby wa wapi wewe?"

"Wa Tolley, mzee. Orrin Sundby alikuwa babu yangu."

"Orrin! Orrin wa lile ghala jekundu? Nimemchongea ng'ombe huyo miaka na miaka! Alikuwa na yule jike mmoja, shetani mtupu, aliwahi kupiga teke mlango ukatoka na bawaba zake."

"Babu alimwita Mchungaji," alisema Craig, "kwa sababu hakuwahi kukaa kimya."

Wakacheka wote watatu. Corliss alicheka mpaka akashika kiuno, kwa nafuu zaidi ya kichekesho. Mungu amewaletea mtu wao. Mtu anayejua.

Craig akafungua kompyuta yake. Aliuliza ya kuuliza, dawa, daktari, masaa ya kulala, na Verlyn akajibu vizuri. Ndipo likaja lile lenyewe. "Maumivu yakoje, mzee?"

"Sio mbaya sana," alisema Verlyn.

Corliss alimpiga teke chini ya meza, kisha akajuta, maana Verlyn alikunja uso. Lakini vidole vya Craig havikuandika kitu. "Sio mbaya sana, yaani vipi?"

"Aa, yanakuja, yanaenda. Wapo walio na hali mbaya kuliko mimi."

Craig akaisogeza kompyuta pembeni, akaweka viwiko mezani, akamtazama usoni. "Mzee Verlyn. Unaumia?"

Verlyn alitazama dirishani kwa muda, kisha akatazama mikono yake.

"Naumia," alisema. "Siwezi kukaa hapa nilipokaa. Ukiondoka tu, nitalala pale." Akaonyesha sakafu kwa kidevu, na masikio yakawa mekundu kwa aibu.

"Imetosha," alisema Craig, akaandika. "Nitaandika nilichosikia."

Corliss alikuwa mwepesi kama msichana. Alitaka kumkumbatia yule mtu, na kwa kuwa hilo haliwezekani Nordby, alimwambia asubiri, ampe chupa ya viazisukari vyekundu alivyoviloweka kwenye siki mwenyewe. Craig akakataa. Akakataa tena. Halafu akasema haya, kama zipo nyingi, yeye atakuwa nje analipasha gari moto. Corliss akateremka kwenye ghala la chini ya nyumba, akawasha taa, akaanza kuchagua chupa, maana hakutaka kumpa ya juzi ambayo haijaiva. Alitaka ile ya nyuma kabisa, yenye rangi ya damu ya mzee. Akahamisha chupa za maharage, akahamisha za matango, akaipata, akaifuta vumbi kwa aproni. Ndipo akasikia, juu, injini ya gari ikinguruma na matairi yakilia bure kwenye theluji.

Alipanda ngazi mbio kuliko umri wake. Jikoni hapakuwa na mtu. Kiti cha Verlyn kilikuwa kimesukumwa nyuma, koti lake lilikuwa bado kwenye msumari.

Kupitia dirishani aliliona gari jeupe limeteleza kwenye mtaro, pua juu, na Craig ndani akikanyaga mafuta. Nyuma yake, kichwa wazi, shati la pasi likipepea, alikuwa mume wake, bega kwenye buti, miguu imechimba theluji, anasukuma.

"Verlyn!" Alipiga kioo kwa ngumi. "Verlyn, acha! Acha, we mwendawazimu!"

Gari likatikisika, likarudi, likatikisika tena, likapanda njiani. Craig alishusha kioo, akapunga mkono, akasema neno ambalo Corliss hakulisikia. Verlyn naye akapunga mkono. Alisimama hivyo, mkono juu, akitabasamu, mpaka gari likapinda kwenye kona ya kanisa. Kisha akashuka chini taratibu. Corliss alipotoka na viatu vya nyumbani alimkuta ameshika theluji kwa mikono miwili, anatambaa kurudi.

"Kwa nini?" Corliss alikuwa analia waziwazi, bila bomba wala mlango. "Kwa nini, Verlyn? Mbele yake!"

"Alikataa mara mbili," alisema Verlyn, meno yakigongana. "Nikamwambia nitakusukuma, akakataa. Nikamwambia tena, akakataa. Ya tatu akakubali. Ningefanyaje? Nisimame dirishani nimtazame mjukuu wa Orrin anahangaika?"

Chupa ya siki ilibaki kwenye meza. Corliss aliitupa kwenye pipa, chupa na kila kilichomo.

Verlyn hakuinuka sakafuni mpaka mwezi ukaisha, hata posta ilipokuja. Alikojoa kwenye kopo na akamwomba Corliss radhi kila mara. Hundi ya mwezi uliofuata haikuja. Ilikuja taarifa kwamba mwakilishi wa kampuni alimshuhudia Bwana Haugdahl, kwa hiari yake, akisukuma gari kutoka mtaroni, na kwamba mtu awezaye kusukuma gari hashindwi kupokea simu.

Corliss alimpigia Craig Sundby siku hiyo hiyo.

"Uliandika alichokwambia mezani?"

"Niliandika, mama. Yote."

"Na gari?"

"Kuna mahali wanauliza kama nimeona kwa macho yangu akifanya kazi ya nguvu." Craig alikohoa. "Niliona. Singeweza kusema sikuona."

"Kwa hiyo akikwambia naumia, hiyo hawaisomi. Akikusukuma, hiyo wanaisoma."

"Ndivyo wanavyofanya, mama. Siamui mimi."

"Ulikataa mara ngapi?"

"Samahani?"

"Asikutoe kwenye theluji. Ulikataa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Umezaliwa Tolley wewe! Babu yako alizaliwa Tolley! Unajua vizuri sana kwamba kukataa mara mbili ni kukubali. Ungetaka kukataa kweli ungeshuka garini, ungemkamata mkono ukamrudisha ndani."

"Baridi ilikuwa kali, Bi. Corliss," alisema Craig, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu. "Na nilikuwa na mtu mwingine wa kumwona saa sita. Naomba unisamehe. Mnayo haki ya kukata rufaa, na nawashauri mkate."

Corliss alimkatia simu usoni. Kisha akakata rufaa, maana hasira hazilipi benki.

Rufaa ilisikilizwa kwa simu, siku moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka na uani pakiwa tope tupu. Benki ilikwishawapa muda wa kulipa mpaka kiangazi. Wiki ile Corliss alirudia mafunzo yote upya, na safari hii hakugonga meza.

"Nisikilize, mpenzi. Huyu wa simu si wa huku. Hatakuuliza mara tatu. Akiuliza mara ya kwanza, jibu hapo hapo."

"Najua."

"Sema unavyojua."

"Akiuliza mara ya kwanza, nijibu hapo hapo. Naumia. Siwezi kukaa. Baada ya lile gari nimelala mwezi mzima." Alimeza mate. "Najua, mama. Mimi si mtoto."

Ilipofika saa, Verlyn alikuwa sakafuni karibu na jiko, ameomba achanwe nywele na kuvalishwa shati safi, kwa ajili ya simu. Corliss akaiweka simu kwenye vigae karibu na sikio lake, sauti imefunguliwa, naye akakaa kwenye kigoda.

"Naitwa Bi. Pruitt, kutoka makao makuu," ilisema sauti changamfu, ya haraka. "Mazungumzo haya yanarekodiwa. Ni lazima ajibu Bwana Haugdahl mwenyewe. Mtu mwingine akimjibia itabidi nikate. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Verlyn. "Karibu sana. Pole kwa kukuchukulia muda wako."

Corliss alifumba macho. Huyu naye, anamkaribisha mtu ndani ya simu.

"Asante. Bwana Haugdahl, ulilisukuma gari la mwakilishi wetu kutoka mtaroni?"

"Ndiyo."

"Alikuomba?"

"Hapana. Alikataa."

"Alikataa, na bado ukasukuma?"

"Alikataa mara mbili tu, mama."

Ukasikika mlio wa vidole vikiandika. "Kwa hiyo ilikuwa hiari yako."

"Ndiyo, hiari yangu. Yeye hana kosa."

"Na baada ya kusukuma, ulipata maumivu yoyote?"

Corliss aliinama mbele, akaunganisha viganja. Sasa. Sema sasa. Verlyn alimtazama kutoka chini, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Aa," alisema. "Sio mbaya sana."

Corliss alijiuma ngumi ili asipige kelele. Alimwonyesha kidole, akatikisa kichwa, akaweka mkono kwenye mgongo wake mwenyewe, akakunja uso, akaigiza kila kitu mtu anachoweza kuigiza bila sauti.

"Kwa hiyo unasema hukuumia?"

"Kidogo. Unajua tena, baridi."

Hiyo ilikuwa ya pili. Corliss alimwona mume wake akivuta pumzi. Alimwona akilamba midomo, macho yakitoka kwake na kwenda kwenye simu, na alijua kwa hakika kabisa, jinsi mtu anavyojua maziwa yanataka kufura, kwamba neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa linangoja kuulizwa tu.

"Asante sana, Bwana Haugdahl," alisema Bi. Pruitt. "Ni hayo tu niliyohitaji. Uamuzi wa mwisho utawafikia kwa posta. Siku njema."

"Muulize tena!" Corliss alikuwa ameshapiga magoti, simu iko mkononi. "Mara moja tu! Dada, tafadhali, muulize mara moja tu!"

Simu ilikuwa imekatwa. Akapiga tena, na mashine ikampokea, ikamshukuru kwa uvumilivu wake, ikampigia kinanda.

"Nilikuwa nataka kumwambia," alisema Verlyn kutoka sakafuni. "Nilishafungua mdomo. Uliniona."

"Nilikuona."

"Angeuliza mara moja tu."

Corliss alitaka kumpiga na ile simu. Alitaka kumpiga yeye, na Bi. Pruitt, na Craig Sundby, na mji mzima pamoja na kwaya yake. Badala yake alikata kinanda, akaiweka simu chini, akalala hapo hapo kwenye vigae, ubavu kwa ubavu na mume wake, akitazama dari ambayo Verlyn alikuwa ameitazama karibu miaka mitatu. Palikuwa na doa la maji ambalo hakuwahi kuliona.

"Unaumia?" alimuuliza. Safari hii halikuwa somo.

"Sio sana."

"Verlyn. Unaumia?"

"Nitapoa. Usijali."

Hapo ndipo ilipomjia, na ikamchoma. Kwa miaka yote hiyo alimgombeza, alimfundisha, alimfunika blanketi, alilia chooni kwa ajili yake, lakini kila alipomuuliza aliishia mara ya pili. Yeye naye ni mtu wa Nordby. Ya tatu aliiogopa. Mtu akiuliza ya tatu, anapewa.

Alimshika mkono. "Unaumia?"

Machozi yalimteremka Verlyn pembeni, yakaingia sikioni, na hakuyafuta.

"Naumia," alisema, "mpaka natamani yule ng'ombe angemaliza kazi yake."

Uani tope likasikika likikanyagwa na matairi. Lilikuwa gari la posta. Verlyn alinyosha mkono, akashika mguu wa meza, akaanza kujivuta. Na Corliss, kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshainuka, amemshika kwapani, anamsaidia kusimama.